Klini na Jeki: Mwongozo Kamili wa Kuinua Chuma kutoka Sakafuni hadi Juu ya Kichwa

Mtazame mama anayejitwika ndoo bombani bila msaidizi. Ndoo ina lita 20 za maji, yaani kilo 20 na ushei. Hasimami mbali nayo akanyoosha mikono. Anaisogelea mpaka iguse miguu, anakunja magoti, anaipandisha hadi mapajani, kisha kwa mkupuo mmoja wa magoti na nyonga anaipeleka juu na papo hapo anajiingiza chini yake. Mikono imeshika tu. Kilo 20 ndio uzito wa chuma kitupu cha mashindano ya wanaume, yaani fimbo ndefu tunayonyanyua, kabla hakijatiwa pleti (sahani za uzito za pembeni) hata moja, na mwendo ule wa bombani ndio ninaotumia miezi kuwafundisha vijana wanaokuja jimu kwetu Temeke na vifua vipana. Wanakuja wakitaka kuvuta kwa mikono. Kazi yangu kubwa ni kuwarudisha kwenye miguu.

Mashindano ya Olimpiki yana minyanyuo miwili. Snachi inakitoa chuma sakafuni na kukifikisha juu ya kichwa kwa mwendo mmoja. Klini na jeki ina kituo katikati: kwanza chuma kinatua mabegani, hiyo ni klini, unasimama nacho, unavuta pumzi, kisha unakipeleka juu ya kichwa, hiyo ni jeki. Hadi Michezo ya Munich mwaka 1972 palikuwa na mnyanyuo wa tatu, wa kukisukuma chuma kutoka mabegani kwa mikono bila kukunja magoti. Uliondolewa kwa kuwa wachezaji walijipinda nyuma kiasi kwamba waamuzi walishindwa kuuamua kwa haki. Miwili iliyobaki yote ni ya miguu. Naim Süleymanoğlu wa Uturuki alipoinua kilo 190 kwa klini na jeki huko Seoul mwaka 1988, alikuwa akishindana kwenye uzani wa kilo 60, kwa hiyo mzigo ule ulizidi mara tatu ya mwili wake. Hakuna mikono ya mtu wa kilo 60 inayoweza kazi hiyo.

Chuma, pleti na sakafu

Chuma cha wanaume kina urefu wa mita 2.2 na unene wa milimita 28. Cha wanawake kina kilo 15, urefu wa mita 2.01 na unene wa milimita 25, kwa hiyo kinaenea vizuri kwenye kiganja kidogo. Kama jimu yenu ina wasichana, msiwalazimishe kujifunzia chuma cha wanaume kwa sababu tu ndicho kilichopo karibu. Pleti kubwa za mashindano zote zina kipenyo cha milimita 450, iwe ya kilo 10 au ya kilo 25, na rangi ndizo zinazozitofautisha: nyekundu kilo 25, buluu 20, njano 15, kijani 10. Kipenyo hicho kinakiweka chuma sentimita 22.5 juu ya sakafu. Ukitumia pleti ndogo, chuma kinakaa chini mno na mgongo wako unapinda hata kabla hujaanza. Panga mbao imara chini ya pleti mpaka ukifikie kimo hicho, na upime kwa rula.

Jambo la pili ni kuzunguka. Kwenye chuma halisi, ncha zinazobeba pleti huzunguka zenyewe huku sehemu unayoishika ikigeuka na mikono yako. Jimu nyingi za mtaani zina bomba au nondo yenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege pande zote mbili. Nilianzia huko, na sitausema vibaya mzigo ulionijenga. Lakini kwa klini haufai. Makopo hayazunguki, kwa hiyo unapogeuza viwiko ghafla, uzito unaendelea kujisokota upande wake na vifundo vya mikono ndivyo vinavyoumia. Mwaka wangu wa pili nilikaa wiki sita sishiki kitu kwa sababu hiyo. Zege litumieni kwa skwati, yaani kuchuchumaa na kusimama na mzigo mabegani, na kwa kuvuta. Kwa klini, changeni mnunue chuma kimoja halisi. Utaratibu wangu wa kununua ni huu: chuma kwanza, pleti za mpira zifuate, viatu mwisho.

Watu hunitajia Hidilyn Diaz, Mfilipino aliyekwama Malaysia mwaka 2020 wakati wa korona akafanya mazoezi kwa mwanzi na madumu ya maji, na mwaka uliofuata huko Tokyo akainua kilo 127 kwa klini na jeki na kuipatia nchi yake dhahabu ya kwanza ya Olimpiki. Ni kweli, na nampenda kwa hilo. Kumbuka tu kwamba alikuwa tayari na miaka mingi ya mbinu mwilini. Madumu yalimsaidia kuitunza nguvu. Mbinu alikuwa ameshajifunza kwenye chuma.

Pleti za mpira hukuruhusu kukiachia chuma kidondoke, na ruhusa hiyo ndiyo usalama wako. Kama mna pleti za chuma tupu juu ya sakafu ya saruji, usinyanyue uzito ambao huwezi kuuteremsha kwa mikono taratibu hadi mapajani na kisha chini.

Kuhusu viatu, acha raba za kukimbilia. Soli yake laini inameza nguvu unayosukumia na inafanya kisigino kiyumbe. Viatu vya wanyanyuaji vina kisigino kigumu kilichoinuka kidogo. Kama huna, vaa kiatu chochote chenye soli bapa na ngumu. Mkononi paka chaki ya magnesia, na kama unaishi pwani kama mimi, futa jasho mabegani na shingoni na uvae fulana ya pamba yenye mikono, kwa sababu chuma kinateleza kwenye ngozi iliyolowa.

Pima mwili wako kwa mpini wa jembe

Kabla ya chuma chukua mpini wa jembe au ufagio. Uweke mbele ya shingo, juu ya misuli ya mabega, ukigusa mitulinga na karibu kuigusa koo. Nyoosha mikono yote mbele bila kuushika. Ukikaa bila kuanguka, basi mabega yako yamekuwa rafu, na rafu hiyo ndiyo itakayobeba kila kilo utakayoinua maishani. Ukianguka, kifua kimeinama au mabega yamerudi nyuma. Yasogeze mbele na juu kidogo mpaka ukae.

Sasa, ukiwa umeuweka hapo, chuchumaa mpaka chini kabisa. Visigino visinyanyuke, kifua kitazame mbele. Katika hili wengi wetu tuna bahati: mtu aliyekulia kuchuchumaa chooni, jikoni na kwenye kufua nguo ana vifundo vya miguu vinavyokunjika vizuri. Wanaopata taabu mara nyingi ni madereva na wafanyakazi wa ofisini. Kama ni wewe, kaa umechuchumaa dakika mbili mbili kila siku ukiwa umeshika nguzo ya mlango, na baada ya wiki chache utaona tofauti.

Kisha peleka vidole chini ya mpini, viwili au vitatu kila mkono vinatosha, na uinue viwiko mpaka mikono ya juu ikaribie kuwa sambamba na sakafu. Vifundo vya mikono vikiuma, usilazimishe kiganja chote kushika. Wengi hudhani tatizo liko kwenye kifundo, kumbe limo kwenye misuli ya nyuma ya mkono na ya chini ya makwapa iliyokaza. Mwambie mwenzako akusukumie viwiko juu taratibu huku ukiwa umeshika chuma kilicho kwenye stendi, sekunde 20, mara tatu.

Mshiko

Shika kwa upana unaozidi mabega kidogo, kiasi kwamba ukisimama wima gumba linapita pembeni ya paja bila kuligusa. Gumba linazunguka chuma kwanza, kisha vidole viwili vya mwanzo vinalifunika na kulibana. Naita mshiko wa gumba ndani. Wiki mbili za mwanzo utauma, vumilia. Bila huo, uzito mkubwa utafungua vidole wakati wa mkupuo, na wewe, kwa kuogopa kuteleza, utakaza mikono mizima. Mikono iliyokaza haiwezi kuwa kamba.

Kutoka sakafuni hadi magotini

Simama kama mtu anayetaka kuruka kushika tawi la mwembe. Upana huo wa miguu, ambao mwili umeuchagua wenyewe, ndio sahihi: visigino chini ya nyonga, vidole vimegeuka nje kidogo. Chuma kiwe juu ya fundo la kamba za viatu. Inama ushike, kisha shusha nyonga mpaka miundi iguse chuma au ikaribie kukigusa. Angalia mambo haya kwa utulivu: mgongo umenyooka kama ubao, nyonga ziko juu ya magoti, mabega yametangulia mbele ya chuma kidogo tu, mikono imenyooka na viwiko vimegeuzwa nje. Macho mbele. Vuta pumzi tumboni, si kifuani, na ulikaze tumbo kama unayetarajia kupigwa ngumi.

Hapa kuna jambo moja ambalo likikuingia, nusu ya mwongozo huu umeshaumaliza. Usikivute chuma. Isukume sakafu. Fikiria kwamba chuma kimefungwa kwenye mabega yako kwa kamba mbili, ambazo ni mikono, na wewe unaikanyaga ardhi ili iende chini. Magoti yanafunguka na kurudi nyuma, yakikipisha chuma. Nyonga na mabega vinapanda pamoja, kwa kasi moja, na pembe ya mgongo uliyoanza nayo ndiyo unayofika nayo magotini. Kijana mwenye haraka hunyanyua nyonga kwanza huku chuma kikiwa bado kimelala. Magoti yamenyooka, mgongo umelala, na uzito wote sasa uko kiunoni. Ukiona hivyo, punguza pleti na mwambie aondoke sakafuni kwa kuhesabu moja, mbili, tatu hadi magotini.

Hatua hii haihitaji kasi. Anayekishtua chuma ghafla kutoka sakafuni hukunja viwiko bila kujua, na chuma kinamkimbia mbele. Kila sentimita chuma kinapokwenda mbele ya miguu yako, mgongo unalipa. Kwa hiyo bana misuli ya chini ya makwapa kana kwamba umebeba gazeti pande zote mbili, na misuli hiyo itakirudisha chuma kwako. Suruali ndefu au soksi za kufika magotini zitaokoa ngozi ya miundi.

Kupita magoti, na mkupuo

Chuma kikishapita magoti, kifua kinaanza kuinuka na nyonga zinasogea mbele kukifuata. Wakati huo magoti hukunjika tena kidogo na kuingia chini ya chuma. Vitabu vya mbinu hueleza sana kukunjika huko kwa pili. Ushauri wangu ni kwamba usikutafute. Ukikiweka chuma karibu na ukasimama wima bila pupa, kutatokea kwenyewe. Ukikutafuta, utasimama katikati ya mwendo kama gari lililokosa gia.

Endelea kusukuma sakafu kwa wayo mzima mpaka chuma kiguse sehemu ya juu ya paja. Kiguse, kisigonge. Tangu hapo ndipo unaachia kila kitu: magoti, nyonga na vifundo vinanyooka kwa pamoja, kwa ukali, kama unaruka. Mwili unakuwa wima, mabega yanapanda kuelekea masikioni, visigino vinaweza kunyanyuka. Mikono bado imenyooka. Ukikunja viwiko kabla miguu haijamaliza, nguvu ya mapaja inaishia kwenye misuli midogo ya mikono na chuma kinapoteza mwendo. Hilo ndilo kosa ninalolisahihisha kuliko mengine yote.

Kuna kosa jingine linalofanana na ujuzi: kukipiga chuma kwa nyonga. Mtu amesikia kwamba nyonga ndizo zenye nguvu, basi anakisukuma kwa kinena. Chuma kinaruka mbele kama mpira uliopigwa teke, naye anakifuata kwa kuruka hatua nzima. Nguvu iende juu. Chora mstari wa chaki mbele ya vidole vya miguu. Ukitua umeuvuka, ujue umekipiga.

Kujiingiza chini

Wageni hudhani chuma kinapanda mpaka mabegani. Uzito ukiwa mkubwa hakipandi hivyo. Kwa mnyanyuaji mzuri kinafika usawa wa kitovu au juu yake kidogo, kinakaribia kusimama hewani kwa sekunde ndogo kabisa, na muda huo ni wa kwako kushuka. Miguu iliyokuwa inasukuma inaachia sakafu, inasogea nje kidogo hadi upana wa skwati na kutua na wayo mzima. Mikono sasa inafanya kazi yake pekee ya kweli: inakuvuta wewe chini ya chuma, viwiko vikipanda juu na nje, kisha vikizunguka kwa kasi kwenda mbele. Chuma kinatua kwenye ile rafu ya mabega, na vidole vinalegea.

Usisubiri kikudondokee. Kutana nacho kikiwa bado juu, kikaze kwenye mabega, kisha teremka nacho mpaka chini ya skwati. Viwiko vikichelewa vinagusa magoti au mapaja. Kwenye mashindano mguso huo ni mnyanyuo batili, na mazoezini unaweza kuteguka kifundo cha mkono. Viwiko juu, kila mara, hata kwa chuma kitupu.

Chini kabisa kuna mdundo mdogo, misuli ikirudi kama springi. Utumie. Sukuma viwiko juu kwanza, ndipo nyonga zifuate, usimame.

Ukisimama chuma kinaweza kukubana shingo na ukaona kizunguzungu, kwa sababu kinabana mishipa inayopeleka damu kichwani. Vuta pumzi fupi, kinyanyue kwa mabega mara moja kilegeze koo. Kizunguzungu kikizidi, kiachie mbele na urudi nyuma. Nimeona mtu akizimia na chuma mabegani kwa kuona haya kukiachia.

Jeki

Waswahili tunasema kumpiga mtu jeki, tukimaanisha kumwinua kutoka chini, kama fundi anavyoinua gari. Mnyanyuo huu jina lake limefanana na neno hilo, na mfano unafaa sana: jeki ya gari haivuti, inasukuma wima kutoka chini. Ikiegemea upande hata kidogo, gari linaanguka.

Miguu iwe chini ya nyonga, uzito kwenye wayo mzima, ukielemea kisigino kidogo. Viwiko vishuke kidogo kuliko kwenye klini, chuma kikiwa bado juu ya mabega. Vuta pumzi, kaza tumbo. Kunja magoti na ushuke wima, kiasi cha morita moja, umbali wa gumba hadi kidole cha shahada. Kifua hakiinami, nyonga hazirudi nyuma, visigino haviondoki. Hapa ndipo jeki nyingi hufa. Magoti yakikunjika na kiwiliwili kikainama hata kiasi cha kidole, chuma kinasukumwa mbele badala ya juu, na hakuna mikono itakayokirudisha.

Dawa yake ni ukuta. Simama na mpini mabegani, visigino, makalio na mgongo vikiugusa ukuta, kisha shuka morita moja na kupanda tena. Kitu kikiachana na ukuta, umeinama. Mara 20 kabla ya kila zoezi la jeki, kwa mwezi mzima. Vijana wanalalamika kwamba linachosha, na ni kweli linachosha, lakini ndilo lililowanyooshea jeki kuliko maneno yangu yote.

Kutoka chini ya kuchuchumaa huko kufupi, geuza mwendo ghafla na kupanda juu kwa nguvu zote za mapaja. Chuma kinaachana na mabega kikipita karibu na uso, kwa hiyo rudisha kidevu nyuma kikipishe. Kikishaondoka, unajiingiza chini yake kwa mara ya pili, na wengi hufanya hivyo kwa kugawa miguu: mmoja mbele, mmoja nyuma. Mguu wa mbele unatua na wayo mzima, muundi ukiwa wima na goti juu ya kifundo. Wa nyuma unatua kwenye vidole, kisigino juu, goti limekunjika kidogo. Miguu isiwe kwenye mstari mmoja kama anayetembea juu ya kamba. Ibaki na upana wa nyonga, la sivyo utayumba. Uzito ugawane karibu sawasawa.

Hujui mguu gani ni wa mbele? Simama umefumba macho, mwenzako akusukume mgongoni kwa upole. Mguu utakaotoka kukuokoa ndio huo. Kisha chora chaki mahali miguu yote miwili inapotua vizuri, na siku zote uangalie kama umetua kwenye alama zako.

Mikono inanyooka kwa mpigo mmoja miguu inapotua. Ukitua viwiko vikiwa vimekunjika, kisha ukamalizia kwa kusukuma, waamuzi watakuwashia taa nyekundu. Chuma kiwe juu ya kisogo, kichwa kimepenya mbele kidogo kati ya mikono, mabega yamekazwa kuelekea masikio. Kurudi kuna utaratibu wake: mguu wa mbele unarudi nyuma nusu hatua kwanza, ndipo wa nyuma unaufuata. Ukianza na wa nyuma, chuma kinasogea mbele na unaanza kukimbizana nacho jukwaani. Tulia, miguu sambamba, usubiri ishara ya mwamuzi, kisha kishushe mbele yako bila kukiachia mikono mpaka kipite usawa wa mabega. Jizoeze kusubiri hata kama hapo jimu hakuna mwamuzi. Hesabu mbili kimoyomoyo.

Kukikwepa

Fundisha hili siku ya kwanza. Klini ikikushinda, sukuma chuma mbele na uruke nyuma, mikono ikiachia. Jeki ikikushinda kwa mbele, rudi nyuma. Ikikushinda kwa nyuma ya kichwa, achia na upige hatua mbele. Usijaribu kuokoa chuma kilichokwisha kutoka kwenye mstari. Na hakuna mtu wa kukusaidia kushika kama kwenye benchi, unaposukuma chuma umelala chali. Msaidizi wa klini na jeki ni nafasi tupu: jukwaa la mashindano ni mita 4 kwa 4, nanyi tengeni walau eneo la namna hiyo, mtu asipite, pleti zisilale humo.

Mpangilio wa kujifunza

Jifunze kutoka juu kwenda chini. Anza na skwati ya mbele, chuma kikiwa mbele ya shingo, mpaka rafu iwe imara. Kisha klini kutoka katikati ya paja, ambako hakuna la kufikiria isipokuwa mkupuo na kujiingiza. Baadaye kutoka juu ya goti, halafu chini ya goti, mwisho kabisa sakafuni. Jeki ifuate njia yake sambamba: ukuta, kusukuma kwa magoti bila kugawa miguu, kisha kugawa.

Siku tatu kwa wiki zinatosha, zikipishana na mapumziko. Seti tano za mara mbili au tatu, kupumzika dakika mbili au zaidi katikati. Sipendi mara nane au kumi kwa klini. Mtu akichoka mbinu inaharibika, na mwili unajifunza kile kilichoharibika. Ongeza kilo mbili na nusu pale tu seti zote tano zimefanana. Na usiache skwati ya mbele. Kama skwati yako ya mbele ni kilo 100, klini ya kilo 80 hadi 85 ni halali yako. Ukiwa chini sana ya hapo tatizo ni mbinu, ukiikaribia skwati yenyewe tatizo ni miguu.

Jirekodi kwa simu. Iweke ubavuni mwako hasa, kwenye kimo cha nyonga, hatua nne hivi mbali. Tazama picha tatu tu: chuma kikiwa magotini, je, mabega bado yako juu yake, kwenye mkupuo, je, mikono imenyooka, kwenye kupokea, je, viwiko viko juu. Sahihisha kimoja kwa siku. Anayesahihisha vitatu kwa wakati mmoja hasahihishi chochote.

Wazazi huniuliza kama chuma kitamdumaza mtoto. Utafiti haujaonyesha kwamba mazoezi yenye msimamizi na uzito wa kiasi humzuia mtoto kukua. Mtoto aanze na mpini wa ufagio, akae nao muda mrefu, na asishindanishwe na yeyote kwa kilo.

Chuma chenyewe

Hewa ya pwani ina chumvi, na chuma kinachoachwa na jasho na chaki kinaota kutu ndani ya wiki chache, kuanzia kwenye mikwaruzo ya kushikia hadi ndani ya ncha zinazozunguka. Kila jioni kipigeni brashi ngumu ya plastiki mtoe chaki, kisha mkifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani. Tone mbili ziingie pale ncha inapokutana na sehemu ya katikati, halafu uizungushe kwa mkono mpaka isikike laini. Kihifadhini kimelala juu ya stendi bila pleti, kwa kuwa chuma kinachoachwa na mzigo usiku kucha kinaweza kupinda, na chuma kilichopinda kitamgeuza kila mwanafunzi wako upande mmoja kabla hujajua sababu.